Glasi ya Mheshimiwa

Maandishi yalikuwa mekundu, makubwa, na aliyeyaandika hakuwa na haraka. Nilitoka asubuhi kumwaga maji ya kudekia, nikayakuta kwenye ukuta wetu wa mbele, yameanzia mlangoni yakafika hadi penye mtende: LAFTA ANATAKIWA NA UKOO WA SHABIB. Rangi ilikuwa bado mbichi. Niliigusa kwa kidole ikaniganda, nikaanza kuisugua kwa pindo la baibui kama mwendawazimu, na kadiri nilivyosugua ndivyo ukuta ulivyozidi kuchafuka. Nikakaa pale pale kizingitini, ndoo mkononi.

Huku kwetu Basra hakuna asiyejua maana yake. Nyumba ikishaandikwa hivyo, mwenye jina lile hatoki nje mpaka wazee wa pande mbili wakae. Akitoka, litakalompata ni juu yake. Polisi wakipita wanageuza shingo upande wa pili, maana nao wana kuta zao. Hata Jbara, mwenye duka la kona, ambaye nimenunua mkate kwake tangu nywele zake zikiwa nyeusi, asubuhi ile ile alinitazama usoni akaniambia, "Mkate umekwisha, Mama Rabab."

Nyuma yake mikate imepangwa, inafuka moshi.

"Na ile?"

"Ile ina wenyewe."

Sikumlaumu. Yaani nilimlaumu, nilimtukana njia nzima ya kurudi nyumbani, lakini nilimwelewa. Yule mwalimu wa mtaa wa pili aliyekuwa akishika kipaza sauti kwenye maandamano walimkuta ndani ya gari lake, taa zinawaka, na mpaka leo hakuna aliyekamatwa. Mtu akisikia pikipiki inapunguza mwendo nje ya nyumba yake siku hizi, anaacha kutafuna.

Lafta ni mdogo wangu. Mama alifariki yeye akiwa bado anatambaa, nikamlea mimi, nikamwozesha mimi, na mume wangu alipofariki ndiye aliyekuja na mkewe na binti yao kukaa nami nisibaki peke yangu. Ni fundi wa viyoyozi. Ana mikono ya dhahabu na mdomo usio na breki, na huo mdomo ndio uliotufikisha hapa.

Kisa ni maji. Kiangazi kile bomba lilikuwa likitoa maji ya chumvi yenye harufu ya samaki aliyeoza. Ukiosha nywele zinasimama kama ufagio. Ukipika wali unaupika mara ya pili kwa machozi. Wenye nafasi walinunua maji ya gari, sisi wengine tulichemsha, tukachuja kwa kitambaa, tukajipa moyo. Shahad, binti wa Lafta, akaanza kuharisha na kutapika mpaka macho yakaingia ndani. Hospitalini tulimkuta muuguzi akitafuta mahali pa kutundika dripu, maana kila msumari ulikuwa na dripu, na kitanda kimoja kililaza watoto watatu. Mtoto alipona, tunashukuru. Ambaye hakupona ni Lafta.

Sasa mbunge wetu, Mheshimiwa Wathiq wa ukoo wa Shabib, ana sifa moja ambayo hata adui yake hamnyimi: hakosi matanga. Ukifa leo, kesho yuko hemani kwako na magari yake meusi, jicho moja linalia, la pili linahesabu wapiga kura. Bi Badriya, jirani yetu, alipofariki kwa maradhi yale yale ya tumbo, Mheshimiwa akaja. Akakaa mbele, akasoma Fatiha, akashika mikono ya watoto wa marehemu. Wanawake tulikuwa ndani, lakini mengine niliyasikia kwa masikio yangu na mengine niliyaona baadaye kwenye simu kama Iraki nzima ilivyoyaona. Lafta alisimama na glasi ya maji ya bomba, ya manjano, akamwendea.

"Karibu maji, Mheshimiwa."

Mheshimiwa akaitazama ile glasi, akatabasamu, akainua chupa yake ndogo. "Ahsante, ndugu yangu. Ninayo."

"Basi nijibu moja tu. Maji yako wapi?"

"Maji ni ya wizara, ndugu yangu. Na hao wa nchi za juu ya mto wametufungia. Mimi ni mbunge tu, sina bomba."

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo! Bajeti ya mtambo wa kuchuja chumvi uliinyooshea mkono wewe, tulikuona kwenye televisheni. Kamati ya maji umo wewe. Mtambo wenyewe ni mabomba yameota kutu nje ya mji, mbuzi wanalala ndani. Waziri umemwita bungeni ukamhoji lini? Tutajie siku moja. Sisi waziri hatukumchagua, tulikuchagua wewe."

Mheshimiwa akasimama, akakunguta joho lake, akaondoka.

Kabla ya wiki kuisha alikuwa kwenye televisheni. Maji ya Basra yamepimwa, alisema, ni salama kabisa, mwenye kusema vinginevyo ametumwa. Kuhusu Lafta hakusema kitu. Waliosema ni watu wa ukoo wa Shabib: mwana wetu ametukanwa ndani ya matanga, mahali ambapo hata muuaji anapewa kahawa. Ujanja ndio huo. Swali alilopaswa kulijibu mbunge likageuzwa tusi kwa ukoo. Mbunge tunamdai, lakini ukoo ndio unaotudai sisi, na ukidai unakuja na bunduki.

Mke wa Lafta akamchukua mtoto akaenda kwao. Tukabaki wawili, mapazia yamefungwa, joto la kufa mtu, kiyoyozi hakiwaki kwa sababu umeme nao ulikuwa na mambo yake. Nililala na kisu cha jikoni chini ya mto, mimi niliyeshindwa kuchinja kuku maisha yangu yote.

Aliyekuja hatimaye ni Shekhe Mizhir, mkuu wa ukoo wetu. Alikaa, akavuta tasbihi yake, akakataa chai.

"Nimewaomba muhula wa amani, wamenipa," alisema. "Suluhu itakuwa Alhamisi, kwenye mudhifu wangu. Sayyid Muhsin ndiye msuluhishi, mtu wa haki, wote tunamkubali."

"Wanataka nini?" Lafta aliuliza.

"Pesa hawataki. Wanataka uombe radhi mbele ya simu yao. Useme ulidanganya, useme maji ya bomba ni salama. Kisha uhame Basra mpaka uchaguzi upite."

"Nihame niende wapi?"

"Dunia ni kubwa, mwanangu."

"Shekhe, na wewe unakunywa maji gani kwako?"

Shekhe akaangalia zulia. "Vijana wetu kadhaa wameahidiwa kazi bandarini," alisema. "Sitakuficha. Nina vijana wengi wamekaa bure, Lafta, na wewe ni mtu mmoja tu."

Alipotoka, Lafta alipiga teke meza. Hasemi, alisema. Hata wamkate kichwa hasemi kwamba yale maji yaliyomlaza Shahad ni salama. Nikamwambia kichwa ndicho hasa watakachokata. Tukagombana kama watoto.

"Dada, ulinifundisha mwenyewe nisiseme uongo."

"Nilikufundisha pia kuvuka barabara ukiangalia! Mbona hilo umelisahau?"

"Wakituona tunaogopa hivi, wataendelea mpaka lini?"

"Waendelee! Waendelee mpaka kiama, mimi nataka wewe uwe hai. Sikukulea nije nikuokote ndani ya gari taa zinawaka." Hapo nikashindwa. Nilipiga magoti mbele yake, mimi niliyemfunga nepi, nikamshika miguu. "Sema tu, Lafta. Ni maneno. Utayasema, watakwenda zao, utaishi Najaf kwa mwanangu Rabab, nitakuletea mtoto kila mwezi. Sema tu."

Akaniinua. Uso wake ulikuwa umekwisha. "Nitasema," alisema. "Kwa ajili yako. Lakini usinitazame nikisema."

Mudhifu wa Shekhe Mizhir, ukumbi wake wa kupokelea wageni, ni ule wa kizamani wa matete, mrefu, wenye matao, na kwenye ukuta wake wa nyuma kuna wavu wa matete wa kupitishia upepo. Wanawake tukipika nyuma yake tunaona kila kitu na hatuonekani. Siku ya suluhu wapishi ni jamaa za mkosaji, kwa hiyo nilikuwa pale tangu asubuhi na masufuria ya wali na kondoo. Shekhe alinijia mwenyewe.

"Mama Rabab, maji. Nakuomba. Bomba lisiguswe. Wakihisi harufu tu tumekwisha."

Hakujua ninavyoogopa mwenyewe. Nilikuwa nimekwisha kununua katoni za maji ya chupa, yale ya kifuniko cha bluu, ya bei, nikazifungua moja baada ya moja na kumimina kwenye majagi ya shaba yenye barafu. Hata barafu niliigandisha kwa maji yale yale ya chupa. Kuwawekea kwenye chupa zake ndiyo ingekuwa rahisi, lakini kwetu siku ya suluhu mgeni hapewi chupa iliyofungwa. Hapo ni sawa na kumwambia sikuamini, nawe usiniamini. Anamiminiwa kutoka jagi la mwenyeji, mbele ya macho yake, na anakunywa.

Na kunywa kwenyewe kuna wakati wake. Wadai wakiingia hawagusi kitu. Kahawa inawekwa mbele yao inapoa, maji yanabaki kwenye majagi, na hakuna anayenyoosha mkono mpaka haki yao itimie. Ikitimia, msuluhishi anasema kunyweni, na wanakunywa wote, mkubwa kwanza. Hapo ndipo suluhu inakuwa suluhu. Asiyekunywa hajasamehe, na baada ya kupokea haki yake, kutokunywa ni kumtukana mwenye nyumba.

Walifika adhuhuri. Magari meusi, bunduki zikabaki nje kwa heshima ya Sayyid, lakini zilibaki karibu, nilizihesabu kwa macho nikaacha kuhesabu. Mheshimiwa Wathiq aliingia katikati ya wazee wa Shabib, joho jeusi, viatu vinang'aa. Nyuma yake mlinzi mmoja mnene na msaidizi aliyeshika simu juu, anarusha moja kwa moja, ili watu wote walioona ile video waone na hii. Sayyid Muhsin, mzee mwembamba mwenye kilemba cheusi, akakaa katikati ya pande mbili. Lafta alikaa mwisho kabisa, karibu na viatu vya watu.

Mazungumzo yalikuwa mafupi kwa sababu yote yalikuwa yamepangwa. Sayyid aliuliza kama madai ni kweli, Shekhe Mizhir akakiri, Sayyid akamwita Lafta asimame. Aliniomba nisitazame. Nilitazama, na nilikuwa nimeuma ncha ya shela yangu.

"Mimi, Lafta mwana wa Chasib," alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu ninayemjua, "nilimkosea Mheshimiwa ndani ya matanga. Namwomba radhi yeye na ukoo wake. Niliyoyasema kuhusu maji yalikuwa uongo. Maji ya bomba ya Basra ni salama, na Mheshimiwa ametimiza wajibu wake."

"Sauti," alisema yule mwenye simu. "Hayo ya mwisho rudia, ndugu. Upepo."

Akarudia. Wallahi, nilitamani yale matete yaniangukie. Mimi ndiye niliyemtia maneno yale mdomoni, kwa magoti yangu mwenyewe, na sasa niliyasikia yakitoka.

"Umeridhika, Mheshimiwa?" Sayyid aliuliza.

"Nimeridhika. Sisi ni watu wa kusamehe." Mheshimiwa akageukia simu kidogo. "Kijana alipotoshwa. Amesema mwenyewe, maji ni salama. Tuishi kwa amani."

"Basi haki imetimia. Kunyweni."

Kijana wa kwetu akapita na jagi, akammiminia Mheshimiwa kwanza. Maji yalikuwa baridi, glasi ikatoka jasho mara moja. Mheshimiwa akaishika. Akaipeleka karibu na mdomo, na hapo mlinzi wake akainama akamnong'oneza kitu sikioni.

Mkono wa Mheshimiwa ukasimama hewani.

Niliona macho yake yakienda kwa Lafta, kisha kwenye jagi la shaba ambalo ndani yake huwezi kuona, kisha tena kwa Lafta. Akanusa. Wallahi alinusa, mbele ya watu, kama paka aliyewekewa maziwa ya jana. Akaiweka glasi kwenye zulia, taratibu, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na mlinzi akamtilia chupa kiganjani. Kifuniko cha bluu.

Akaanza kukifungua.

"Mheshimiwa," Sayyid alisema, "suluhu hainywewi kwa chupa ya mtu."

"Sayyid, hawa wamerudia mchezo ule ule." Uso wake ulikuwa umeiva. "Wameniwekea maji ya bomba. Mbele yako! Hili ni tusi la pili, na safari hii halina radhi."

Wazee wa Shabib wakasimama. Nje nilisikia vyuma vikigongana, na mtu akaita jina la mtu. Shekhe Mizhir alikuwa ameganda, mdomo wazi. Lafta alisimama pia, mikono imelegea, na nikajua kwa yakini kwamba ndiye wanayemtazama wote na kwamba hatatoka mle mzima.

"Nani ametayarisha maji haya?" Mheshimiwa alipaza sauti. "Nimtajieni!"

Siwezi kueleza niliingiaje. Najua mwanamke haingii mudhifu siku ya wanaume, hata mama yake Shekhe hakuwahi. Nilijikuta kwenye lile zulia jekundu, wanaume kulia na kushoto wananipisha kama nina ukoma, na nikasimama mbele ya Mheshimiwa Wathiq niliyezoea kumwona kwenye mabango tu.

"Mimi," nilisema.

Nikainama, nikachukua glasi yake, nikanywa. Nilikunywa yote, na meno yalikuwa yanagonga glasi kwa kutetemeka hadi kila mtu akasikia.

"Ni ya chupa, Mheshimiwa," nikasema nilipomaliza. "Nilinunua kwa sababu nakuogopa. Vifuniko viko nyuma kule, bluu, kama hicho ulichoshika. Sayyid, tuma mtu akaangalie, na wewe onja."

Sayyid hakutuma mtu. Alichukua jagi, akamimina, akanywa funda moja. "Matamu," alisema.

Mtu mmoja wa upande wetu akaguna. Na nilikuwa nimekwisha kufanya lililonitosha kuuawa, kwa hiyo ulimi ukaendelea wenyewe.

"Lakini hata yangekuwa ya bomba, ulikuwa unaogopa nini? Mdogo wangu amesema sasa hivi maji ya bomba ni salama. Umemrudisha aseme mara ya pili. Nawe umesema umeridhika. Sasa mbona umenusa?"

Mheshimiwa aligeuka. Akamwona msaidizi wake, ambaye masikini alikuwa bado ameinua simu, amesahau kabisa kwamba anayo. Namba za watazamaji zilikuwa zinapanda pale kwenye kioo. "Zima!" Mheshimiwa akafoka. "Zima, mpumbavu wewe!"

Alizima. Lakini yale yalikuwa yamekwisha kwenda.

Sayyid Muhsin alipitisha tasbihi yake yote. Halafu akasema, polepole, kama anayemsomea mtoto, kwamba Mheshimiwa alipokea haki yake, akatamka kuridhika, kisha akakataa maji ya mwenyeji kwa dhana mbaya, na maji yalikuwa mazuri. Mwenye deni sasa ni yeye. Ule uombaji radhi haupo, maana aliyeombwa ameonyesha haamini maneno aliyoyataka mwenyewe. Na Lafta hahami.

"Sayyid, wewe ni mzee," Mheshimiwa alisema. "Fikiri vizuri."

"Nimefikiri. Nyumbani kwangu natumia bomba."

Hapo Shekhe Mizhir, huyu huyu aliyetuuza kwa kazi za bandarini, akainuka. Sijui ni aibu au ni nini. Alitembea hadi kwa Lafta akamtupia joho lake mabegani. "Huyu yuko chini ya joho langu," alisema. "Anayemtaka anaanza na mimi." Sauti ilimkwaruza. Lakini aliisema.

Mheshimiwa akaondoka, watu wake nyuma yake, hata wali hawakuugusa. Alipofika nilipokuwa nimesimama alipunguza mwendo, akaniinamia kwa upole, kama anavyowainamia wafiwa.

"Wewe ndiye dada yake," alisema. "Wafiqa, sivyo? Wa nyumba ya mtende."

Jina langu ndani ya kinywa chake liliniingia kama baridi. Nilisikia magari yakiondoka, kisha nikatapika nyuma ya jiko, yote, maji yale ya bei.

Watu wanadhani ukishasema jambo kama lile hofu inakutoka. Si kweli. Kwangu iliongezeka. Lafta alirudi kazini, na kila akichelewa nilikuwa nimesimama dirishani nikiuma kucha. Nilisikia bunge lilimwuliza Mheshimiwa maswali, nilisikia wabunge wenzake wanajitenga naye mbele ya kamera, nilisikia waziri ataitwa. Mimi nilichosikia zaidi ni pikipiki. Kwa desturi, suluhu ikimalizika wadai huleta chokaa wakafuta maandishi yao wenyewe. Hakuna aliyekuja. Ukuta ulibaki na jina la mdogo wangu, na Shekhe alisema tusiguse, wao ndio wenye kufuta.

Kisha asubuhi moja nilitoka na ndoo, kama siku ile, na chini ya maandishi ya zamani nikakuta mapya. Rangi ile ile, mwandiko ule ule, hauna haraka.

NA DADA YAKE.

Kwetu mwanamke haandikwi ukutani. Hata katika visasi vya damu vilivyomaliza nyumba nzima haijatokea. Nilisoma mara ya kwanza na ya pili. Walikuwa wamesimama pale pale, hatua chache na kitanda changu, wakati nimelala. Waliacha na kopo la rangi ya kupuliza, limebingirika hadi kwenye mfereji. Sijui walisahau au waliniachia makusudi.

Lafta alitoka na suruali ya kulalia. Akasoma.

"Dada, ingia ndani. Naleta chokaa. Shekhe aseme atakalo, nafuta hii sasa hivi. Halafu tunaondoka. Najaf, Baghdad, popote. Ulikuwa na haki, dada. Tunaondoka leo."

Ningefurahi kama angesema hivyo wiki chache nyuma. Ningembusu miguu. Nilimtazama mtoto niliyemlea, anatetemeka kwa ajili yangu kama nilivyotetemeka kwa ajili yake, na nikaona walichokuwa wanakitaka ni hicho hasa, tutiane hofu sisi kwa sisi mpaka anyamaze wa mwisho. Nikaingiza mkono mferejini nikalitoa lile kopo. Nikalitikisa. Lilikuwa na rangi bado.

Sijawahi kuandika kitu ukutani. Herufi zilikwenda kombo, zingine kubwa zingine ndogo, na rangi ilinirukia hadi kwenye kidevu. Nilikuwa naogopa, naogopa hadi sasa ninavyosimulia. Niliandika chini ya jina la Lafta na chini ya jina langu lisilotajwa, maneno yale yale aliyoyasema hemani na ambayo nilipiga magoti ayameze:

MAJI YAKO WAPI?

Nilisikia nyayo nyuma yetu, nikageuka na kopo mkononi kana kwamba ni bunduki.

Alikuwa Jbara wa duka la kona, amevaa aproni yake, mkate wa moto kwapani. Alisoma ukuta wote, kuanzia mlangoni hadi penye mtende. Akatazama huku na huku barabarani. Akanipa mkate, halafu akaacha mkono wake pale pale umenyooshwa.

"Mama Rabab," alisema kwa sauti ya chini, "rangi imebaki?"